Nyota za Penseli

"Vyote hivi unauza, dada?"

"Vyote. Vimejaza chumba, na mwenyewe ameshamaliza kazi navyo."

Aliyeleta boksi alikuwa mfamasia, koti lake jeupe kalikunja mkononi. Mwenye kibanda cha vitabu vya mitumba, wateja walimwita Kung'uta, maana hanunui kitabu mpaka akishike mgongo, akigeuze kichwa chini na kukikung'uta. Vitabu vilivyotumika huja na mambo ya watu: risiti, picha za watoto, barua za wapenzi walioachana zamani. Vya watu hurudishwa kwanza, halafu ndipo bei inazungumzwa.

Cha kwanza kilikuwa cha kujifundisha hesabu bila mwalimu. Akakikung'uta, karatasi ikadondoka mezani.

Ilikuwa karatasi ya matokeo ya mtihani. Jina la juu lilikuwa lile analolitaja yeye kila anaposali. Masomo yote kafaulu, historia ndiyo usiseme. Na tarehe, ndugu zangu, ilikuwa ya miezi miwili nyuma.

Jana tu mwenye jina hilo, fundi wa majokofu mwenye sauti ya kubembeleza, alimwambia, "Matokeo bado, mpenzi. Yakitoka tu nakuja kwenu na wazee wangu."

Moyo wa Kung'uta ulishuka mpaka kwenye kandambili. Lakini miaka ya biashara inamfundisha mtu kuutuliza uso. Akaifunika karatasi kwa kiganja, akafungua kitabu.

Nyota zilikuwepo. Ni yeye aliyezichora kwa penseli, pembeni ya kila ukurasa wenye maana. Miaka mitatu alichambua mafurushi akimtafutia yule mtu vitabu vya kweli: historia za watu waliofanya utafiti, vya kujisomea vyenye majibu nyuma, na vya katuni vya kupumzisha kichwa. Alivisoma yeye kwanza, akaweka nyota, na fundi akasoma penye nyota tu. Siku zote alikuwa anamwambia, "Hivi mpenzi, wewe ndiye chuo changu." Na yeye anayeyuka, mjinga wa watu.

"Nyota hizi kachora nani?" akauliza.

"Mchumba wangu. Ana akili yule, we acha tu. Kasoma peke yake, hajasaidiwa na mtu."

"Peke yake?"

"Kabisa. Na Ijumaa ana usaili makumbusho, kazi ya kuongoza wageni. Baba yangu ndiye mkuu wa pale. Kasema hapendelei mtu, hata awe mkwe. Atamhoji mwenyewe."

"Na harusi?"

"Akipata kazi tu. Baba kashasema, bila kazi hakuna binti."

Kung'uta aliendelea kutoa vitabu mpaka chini kabisa ya boksi. Mfamasia akamdaka mkono.

"Samahani dada, hicho cha katuni kimeingia kwa bahati mbaya. Siuzi. Humo ndimo alimoniposea."

"Kwenye katuni?"

"Angalia mwenyewe, usije ukaniona mwongo."

Kung'uta hakuhitaji kuangalia. Kitabu kile kilitoka kwenye furushi lililolowa, maji yakafuta maneno yote kwenye viduara vinavyotoka midomoni mwa wahusika. Wao wawili, yeye na fundi, ndio waliovijaza upya kwa penseli, kwa zamu, fundi akiwa yule mrefu mwenye kofia na yeye akiwa yule msichana mfupi. Kwenye ukurasa wa mwisho, yule mrefu aliuliza: *Utanisubiri mpaka nimalize?* Na mfupi akajibu: *Hata ukichelewa.*

Akaufungua ukurasa ule. Sasa palikuwa na wino mwekundu. *Utakuwa mke wangu?* Na chini yake, kwa mwandiko mwingine: *Ndiyo, mara mia.*

Penseli ikifutwa haiishi. Huacha mfereji kwenye karatasi. Kung'uta alipitisha kidole juu ya wino, akayagusa maneno yake yaleyale, moja baada ya jingine.

"Nilicheka nusu nife," mfamasia alisema. "Mwanaume gani siku hizi anahangaika hivi?"

"Hakuna. Huyu amehangaika sana."

Simu ya Kung'uta ikatetemeka mezani. Ujumbe ulikuwa wa fundi.

*Mpenzi matokeo bado jamani, na mimi nimechoka kusubiri. Nitafutie kitabu kizuri cha historia ya miji ya kale, uniwekee nyota kama kawaida. Ijumaa nina kajaribio kadogo ka kazi. Nakupenda.*

Aliusoma mara mbili, mfamasia akiwa mbele yake anafuta vumbi kwenye kitabu cha katuni kwa pindo la koti. Angeweza kusema palepale. Ulimi ulikuwa tayari. Akalipia vitabu, akasema ahsante, akamtakia maandalizi mema.

Kisha akaenda nyuma ya kibanda, kwenye rundo la vitabu vya kuchanwa kufungia sabuni za vipande alizouza pembeni. Humo kulikuwa na kitabu kinene cha historia, jalada lina maandishi ya dhahabu na picha ya mwandishi kavaa suti. Walimu watatu walishakirudisha. Wafalme kawatunga mwenyewe, na vita vingine vilipiganwa na watu ambao hawajazaliwa. Kung'uta akachonga penseli. Nyota ya kwanza aliifuta, akaichora tena. Kufika ya kumi, alikuwa hafuti tena.

Lakini hakuwa amemaliza kumpenda, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akachukua ile karatasi ya matokeo, akaandika nyuma yake: *Nimejua yote. Kitabu hiki ni uongo mtupu, usikisome.* Akaichomeka katikati, mahali pasipo na nyota. Mara ngapi alimwambia, kitabu chochote kikung'ute kwanza?

Jumatatu fundi akaja kukichukua, ananukia sabuni, kola imenyooka.

"Umekonda," alimwambia. "Ndiyo kunisubiri mimi huko, mpaka huli?"

"Una kitu cha kuniambia?"

"Kama kipi?"

"Chochote."

"Nakupenda. Hicho hakikutoshi?"

"Kitabu chetu cha katuni kiko wapi?"

"Nalala nacho chini ya mto," fundi alisema, bila hata kupepesa jicho.

Akampa kitabu. Fundi akafungua, akaziona nyota, akatabasamu kwa raha zake.

"Yaani bila wewe mimi ningekuwa wapi?"

"Utapajua," Kung'uta alisema. "Kikung'ute kwanza."

"Wewe na kukung'uta kwako," fundi akacheka, akakibana kwapani, akaenda.

Ijumaa mchana simu iliita.

"Umeniua," fundi alisema. "Umeniua kabisa."

"Salamu hakuna siku hizi?"

"Usinitanie. Nimewatajia wafalme wanne, wazee wanaangaliana tu. Mkuu akauliza, umewasoma wapi hawa? Nami kwa kujiamini kwangu nikatoa kitabu kwenye mkoba. Akakishika mgongo, karatasi ikadondoka miguuni kwake. Kaisoma kwa sauti mbele ya meza nzima. Halafu akaniuliza, nani huyo amejua yote, na amejua nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilichukua mkoba wangu, nikatoka. Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?"

"Nilikuambia kwa maandishi. Siku nne ulikuwa nacho."

"Nilisoma penye nyota."

"Najua."

"Una roho mbaya wewe. Sikudhani."

"Nilikuwa na nzuri. Uliifuta, ukaandika juu yake kwa wino mwekundu."

Simu ikakatika.

Kesho yake mfamasia akaja. Hakusalimia. Akakiweka kitabu cha katuni mezani.

"Ni chako hiki. Nimekiangalia kwenye mwanga wa dirisha, nimeuona mwandiko wa chini. Ni uleule wa kwenye karatasi aliyonionyesha baba, nayo ilitoka kwenye boksi nililokuuzia."

"Ni wangu."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nakuonyesha, nacheka, nakusimulia mpaka harusi."

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Mfamasia alifikiri kwa haki.

"Nisingekuamini. Lakini ningekuwa nimeambiwa. Badala yake nimeaibika mbele ya baba yangu, na wafanyakazi wake wamesimama mlangoni." Akavaa koti lake jeupe, akafunga vifungo vyote. "Yeye alinidanganya kwa sababu alitaka kitu kwangu. Wewe ulikuwa unanitakia nini?"

Kung'uta alikivuta kitabu cha katuni, akakiweka chini ya meza. Mfamasia aliondoka bila kumwita dada.

Zikapita wiki tatu. Siku moja asubuhi, kibanda ndiyo kwanza kinafunguliwa, fundi akasimama mlangoni. Kola haikuwa imenyooka. Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, tusimsingizie.

"Nisamehe. Nimepoteza huku na kule. Mtu niliyekuwa naye wa kweli ni wewe."

Mikono ya Kung'uta ilikuwa inachezea vumbi la meza. Miaka mitatu haiishi kwa wiki tatu. Alikuwa karibu sana kusema ndiyo. Kiti cha ndani, kile alichokuwa akikalia fundi akisoma, alishakivuta nusu kwa mguu.

"Tuanze upya," fundi alisema, anajifuta uso. "Na hivi mwezi ujao kuna usaili mwingine, maktaba. Wanauliza historia tena. Ungenichagulia kimoja tu, kizuri, uniwekee nyota..."

Mguu wa Kung'uta ukakirudisha kiti mahali pake.

"Chagua mwenyewe," alisema.

"Mimi?"

"Rafu hiyo hapo. Una cheti cha historia, tena cha alama za juu."

Fundi akazunguka. Mbele yake kulikuwa na vitabu mia nne na zaidi, na hakujua aanzie wapi. Akavuta kimoja, akarudisha. Akavuta kingine, akakiangalia unene. Mwisho akainama kwenye rundo la kufungia sabuni na kuibuka na kinene, kina maandishi ya dhahabu. Jalada la mbele lilishachanwa nusu, kwa hiyo ile picha ya mwandishi mwenye suti haikuwepo. Kilikuwa juzuu la pili la kile cha wafalme wa kutungwa.

"Hiki kinaonekana cha maana," alisema. "Au unasemaje?"

Kung'uta alikichukua. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hakukikung'uta. Alikifuta vumbi, akakifunga kwa gazeti, akakaza kamba vizuri.

"Umekichagua mwenyewe," alisema. "Kizuri."

Fundi akamshukuru sana, akasema atarudi kumwambia kilivyomsaidia. Kung'uta alimwangalia mpaka akakunja kona. Kisha akakitoa kitabu cha katuni chini ya meza, akachana ukurasa wa mwisho, na mteja wa kwanza wa siku ile akafungiwa sabuni humo.