Kinywa cha Korongoni

"Na kinywa chake kiko wapi?"

Kanze aliuliza hivyo mwaka wa pili wa Uhuru, ameshika jino lililofunika kiganja chake chote. Lilikuwa jeusi, zito kama jiwe, la pembe tatu, na kingo zake zilikwaruza kama msumeno mpya. Babake, Chome, alikuwa akiosha mengine kwenye karai. Muthoka, karani wa hoteli iliyofunguliwa Diani, alikuwa ameketi akiyachagua. Wote wawili walimsikia mtoto. Hakuna aliyemjibu.

"Haya ni ya papa wa zamani," Muthoka alimwambia Chome. "Mzungu wangu anasema bahari ilikuwa inafika mpaka huku mlimani, kabla ya Adamu. Wageni wanayavaa shingoni. Nachukua hili moja la kuonyesha. Nitafutie makubwa zaidi, bwana."

Kahaso, mamake Kanze, alikuwa akichekecha mchanga kwa ungo. Masika yalikuwa yamepasua shamba lao nyuma ya nyumba, likawa korongo, na meno yalitoka humo. Chome alipenda kusema "meno yangu," ila mgongo uliouma ulikuwa wa mkewe. Kahaso alikulia hapo hapo Kombani, ukuta kwa ukuta na chuo cha Kurani, na ijapokuwa kwao hawakuswali, alijua kila kijulikanacho na mtoto wa chuo: waliokaa duniani kabla ya Adamu hawakuwa watu, walikuwa majini walioumbwa kwa moto. Alitaka kulisema hilo. Lakini mwanamke akisema mbele ya mgeni huambiwa ameingilia mazungumzo, basi akaendelea kuchekecha.

Siku chache baadaye Kanze aling'oka jino la mbele, la utoto, akalimeza pamoja na tonge la sima. Huko kwao jino la utoto hurushwa juu ya paa, na mtoto husema: chukua hili, nipe langu. Asiyerusha haoti jingine, au ndivyo walivyomwambia watoto wenzake, wakimwimbia "kibogoyo" kila aendapo kuteka maji. Kanze akalia mpaka Chome akachoka.

"Jino ni jino," akasema. Akafungua mkebe wa meno chini ya kitanda, akachagua moja, akamtia mwanawe mkononi. "Rusha hili, tupumzike."

"Baba Kanze, hilo si lake," Kahaso akasema.

"Na huyo wa juu ya paa atajuaje? Wewe nawe."

Kanze akarusha. "Chukua hili, nipe langu." Makuti yakalipokea kimya, kama mkono.

Kesho yake, adhuhuri, nyumba ilinuka pwani maji yanapotoka: mwani, matope, kitu kilichooza chini ya mwamba. Bahari ilikuwa mbali, chini kabisa ya vilima. Maji ya mtungini yakawa na chumvi. Kisha, jua lilipokuwa utosini na vivuli vimejificha chini ya miguu ya watu, kitu kikaanza kutafuna juu ya paa, polepole, kama mtu alaye muwa.

"Ngedere," Chome akasema.

"Ngedere hutafuna akatema," Kahaso akanong'ona. "Huyo hatemi."

Kanze akaacha kula sima. Akawa anaziba mdomo kwa kiganja. Siku moja Kahaso alimkuta mvunguni mwa kitanda, kando ya mkebe, akitafuna ng'onda, samaki mkavu asiyepikwa, mifupa na ngozi, bila kumeza mate.

"Fungua kinywa, mwanangu."

"Nitakuuma, mama."

"Hutaniuma."

"Si mimi."

Kahaso akamvuta taratibu hadi mlangoni penye mwanga, akamshika kidevu, na mtoto alipofunua midomo ile harufu ya pwani ikamjaa mama usoni, na pale palipokuwa pengo palikuwa na ncha nyeusi yenye kingo za msumeno, na nyuma yake ncha nyingine imelala ikingoja zamu, na nyuma ya hiyo nyingine, safu nyuma ya safu mpaka kooni, yote yakitikisika kidogo kidogo kwa mwendo ule ule wa kile kilichokuwa kikitafuna juu ya paa, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa ametulia tuli, machozi yakimchuruzika.

Majirani wakaja. Kila mmoja aliuliza mama alikuwa wapi. Hakuna aliyeuliza jino lilitoka mkononi mwa nani.

Kahaso akamtafuta Randu, mganga aliyekuwa akikata miwa Ramisi. Alikuja na masizi ya miwa iliyochomwa bado yamo kuchani, akamtazama mtoto, asimguse.

"Kuna kinywa humu korongoni," akasema kwa sauti ya chini. "Mmekinyang'anya meno. Kisha mmempa mwenye kinywa moja kwa heshima, mkamwomba alipe. Amelipa. Sasa anayaotesha yake hapa, kinywani mwa mtoto, mpaka yatimie."

Chome akapanda juu ya paa. Jino lile alilikuta ndani ya makuti, vuguvugu, lina mate. Randu akafukiza ubani ukingoni mwa korongo, akaamuru lirudishwe hilo kwanza, kisha mkebe mzima. Meno yalipomwagika, chini kule kitu kikajifunga, kizito, kama kifuniko cha sanduku. Kanze akakohoa. Meno meusi yakamtoka, safu kwa safu, yakaanguka viganjani mwa mamake.

Likabaki moja, mbele kabisa.

"Yametimia?" Randu akauliza.

Chome akatazama chini. "Lipo moja Muthoka alikwenda nalo."

Kahaso alikwenda Diani kwa miguu. Muthoka akasema alimpa bibi mmoja mgeni, na bibi huyo akalitia uzi, akapanda nalo ndege.

"Nchi gani?"

"Sikumwuliza, mama."

"Mtoto wangu alikuuliza swali. Ungelijibu siku ile, nisingekuwa hapa."

Muthoka akainamia kazi yake.

Kanze sasa ni msichana mkubwa, na hucheka leso ikiwa mdomoni. Kila mwezi unapoandama jino lile hurefuka, na Kahaso hulipunguza kwa tupa, unga wake akaumwaga korongoni. Adhuhuri nyingine nyumba hunuka pwani, na kule chini husikika kitu kikifunguka kidogo, kikingoja. Na juma lililopita, Kahaso akishika tupa, aliona nyuma ya jino lile ncha ya pili.

Basi wewe unayesikiliza, ukiona jino jeusi la pembe tatu shingoni mwa mtu, mwombe alivue. Lilete Kombani, uulizie kwa Kahaso.