Nilianza na Uso ya Luc

Ba mama benzangu, muliisha kusafisha kintu mupaka mikono yenu mwenyewe ikawatia haya?

Miye nilisafisha. Niko na soixante-six ans, miaka makumi sita na sita, niko mujane, nilitoka Lubumbashi na batoto babili, Béatrice na Ilunga. Ninaikala Molenbeek, huku Bruxelles, étage ya tatu ya nyumba murefu, fasi ascenseur, ile mashini ya kupandisha bantu, inakufaka kila Jumatatu sawa muntu mwenye hapendi kazi. Masomo yangu iliishia deuxième primaire, darasa ya pili, donc hii habari minaisema na kinywa, mujukuu yangu Mireille njo anaandika. Mutoto ya Béatrice, eko na quatorze ans, miaka kumi na ine. Anasema minaenda mbio. Minamuambia andika tu, kambo yako, mama ya mama yako, akinyamaza hataanza tena.

Bon. Kazi yangu huku Bruxelles ilikuwa nettoyage, kusafisha ma bureau ya bazungu, asubui na mapema mbele bakubwa bafike. Na nilikuwa mufundi, musicheke. Shefu alikuwa anapitisha kidole juu ya kabati, anakosa vumbi, anakasirika juu amekosa neno ya kuniambia. Sheria ya ile kazi ni moja: unaanza juu, unashuka chini. Uchafu inaangukaka, haipandake. Mukumbuke ile sheria, sababu njo iliniua.

Ilunga, mutoto yangu ya mwisho, alianza kuchora kule kule Lubumbashi. Nilikuwa nauzisha makala, mkaa ya kupikia, pa mulango, yeye anaiba kipande, anaenda kuchora bantu ku ukuta ya jirani. Nilimuchapa, nikapanguza ukuta. Munaona? Ilianza zamani...

Huku akakomaa, akakuwa bwana wa trente ans, miaka makumi tatu, na kazi ya kusafisha masahani mu restaurant. Lakini anachora bado, na makala tu, ile ya duka, fimbo ndogo ndogo mu kartoni. Nilimuambia kule Katanga ningekupa gunia nzima. Mara ya kwanza alinionyesha kazi yake, nilicheka mupaka nikaikala chini. Alikuwa mwanaume muzima, buchi, ameikala ku kiti sawa muntu anangoya bus.

Nikauliza: "Huyu bwana hasikii baridi?"

"Radiateur ya moto iko pembeni, maman."

"Na mama yake anajua?"

"Mama yake njo alianza kumuona vile."

Alikuwa na majibu, ule mutoto. Akanishika bega, akaniambia angalia mugongo, maman, angalia vile inapinda, inashuka sawa muto ya maji. Miye nikaangalia juu, ku plafond.

Alors, kulikuwa Luc. Muzungu mwembamba, murefu sawa nguzo ya umeme, anacheka na meno yote. Ilunga aliniambia ni rafiki yake, banaikala pamoja Laeken, mutaa ingine ya Bruxelles. Rafiki... Sikuuliza. Siye ba mama tunajua kutouliza, banatufundishaka tangu butoto. Luc alikuwa anakuya kila Jumapili, siku ya Mungu. Anakula bukari, ugali yetu, na mukono, na sombe, majani ya muhogo, anaungua bidole, anasema "maman, encore", ongeza. Nilikuwa namujazia sahani yangu ya chuma, ya ukingo ya bulu, yenye nilitoka nayo Lubumbashi mu valize. Iko na pengo fasi ilianguka ku aéroport, pa ndege. Siku moja nikamufungia chakula ndani akapeleke. Sahani haikurudia. Nililalamika miezi. Ule muzungu ameniibia sahani.

Kisha Luc akaanza kukonda. Ilikuwa ile ugonjwa ya ile miaka, yenye siye bote tulikuwa tunaita tumbo, ao baridi, ao bulozi, mbele tutaje jina yake. Akaacha kuya. Nikasema ni haya ya sahani. Kweli ya Mungu, nilisema vile.

Siku moja Ilunga akasimama pa mulango ya cuisine, jikoni. Nilikuwa nasonga bukari. Akasema: "Maman, Luc amekufa."

Nikasema: "Pole. Leta sahani, bukari inakauka."

Ile neno itaingia na miye mu kaburi. Mutoto akaleta sahani, akaikala, akakula. Hakulia. Nikasema mu roho, tazama, si kintu kikubwa.

Jamaa ya Luc bakafunga ile nyumba ya Laeken. Ilunga akarudia kwangu na valize moja na makaratasi six ya kukunja, kila moja murefu kunipita miye. Chumba yake ilikuwa ndogo, akabandika yote ku ukuta ya salon, fasi ya kupokea bageni. Mwanaume buchi huku, mwanaume buchi kule, mwanaume buchi juu ya televisheni. Nilihesabu mabwana six. Sikuangalia kama ni mumoja tu.

Akaniambia: "Maman, nakulomba, usiguse. Kuna dawa ya kupulizia juu makala ishikame, lakini sijapuliza, sijamaliza. Ukipitisha kidole tu, inaenda."

Aliniambia na kinywa yake mwenyewe. Donc siwezi kusema sikujua.

Akitoka ku kazi anaikala ku kiti, anabiangalia. Saa moja, saa mbili. Nilijaribu kufunika moja na kitenge, nikatia épingle, pini. Akaitoa pole pole, akaikunja vizuri, akanirudishia.

Kisha Mama Georgette wa étage ya pili, mwenzangu ya maombi, akapanda kulomba chumvi. Akasimama katikati ya salon, mukono ku kinywa.

"Aah, Mama Ilunga. Huku Ulaya kuko maduka mingi vile, na mabwana yako bamekosa hata caleçon ya kuvaa ndani?"

Nikacheka pamoja naye. Lakini juma ya kufuata, ku maombi, nikiingia ba mama banashusha sauti. Mulishajua ile kushusha sauti? Inachoma kupita matusi.

Kisha telefone ikalia, kutoka Lubumbashi. Yaya yangu amekufa, dada yangu mukubwa. Zaire ilikuwa bado Zaire, tikiti ya avion, ya ndege, ilikuwa ndoto, donc matanga ikabidi ifanyike kwangu, juu mukubwa wa jamaa huku ni miye. Munajua matanga yetu. Unatoa biti, unatoa meza, unatoa televisheni, salon inabakia ukuta na mikeka, na ba mama banaikala chini siku tatu. Kutoa meza, bien. Lakini ile ukuta?

Ilunga alikuwa ku kazi. Ba mama bangefika saa kumi. Niko na machozi ya yaya mu macho na kitambaa ya maji mu mukono...

Ningeweza kubitoa. Ningeweza kubigeuza bitazame ukuta. Bantu banauliza, juu ya nini haukubigeuza tu? Minajiuliza miye pia, kila siku nikiosha uso. Nilikuwa na kasirani ya ile sauti za ku maombi, njo jibu, sina ingine. Na mu kichwa ilikuwa neno yake moja tu. Ukipitisha kidole, inaenda.

Nikaanza juu, sawa ku kazi. Kichwa kwanza. Kisha shingo, mabega, kifua, nashuka. Uso hata moja sikuuangalia. Macho yangu ilikuwa ku ndoo, na maji mu ndoo ilikuwa nyeusi ti. Bwana wa kwanza akaenda, wa pili, wa tatu. Kila karatasi inabakia na wingu ya kijivu. Nilikuwa naimba wimbo ya kilio ya yaya na mukono inazunguka.

Nikafika ya sita. Kichwa ikaenda. Kifua, tumbo. Nikafika ku magoti na mukono ikasimama.

Juu ya magoti kulikuwa sahani. Mu ile makaratasi yote hakukuwa rangi, makala tu, lakini pale Ilunga alitia bulu, ukingo muzima, na pengo fasi yake. Sahani yangu. Na bidole, mafupa matupu, inakombeleza chakula ya mwisho mwisho.

Alikuwa Luc. Ba mama, alikuwa Luc, anakufa, anakula bukari yangu mu sahani yangu. Nikainua kichwa nimuangalie uso...

Nilikuwa nimekwisha kuipanguza.

Nikakimbilia ile ingine tano. Mawingu. Nilitafuta hata kisigino, hata sikio. Nilifanya kazi muzuri sana. Shefu angekosa neno.

Ba mama bakafika, bakaikala, bakalia. Nikalia kubapita bote, bakasema, Mama Ilunga, alipenda yaya yake huyu. Na Ilunga akafika kutoka ku kazi. Akapita katikati yao, akasimama mbele ya ukuta. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu:

"Maman, yaya yako ulimuona mwisho lini?"

Nikasema: "Miaka tisa."

"Na eko na bantu hawa bote ya kumulilia." Akaweka mukono ku karatasi, pale uso ilikuwaka. "Luc alikuwa na miye. Na hii."

Akatoa épingle moja moja. Akakunja makaratasi tano. Ya sita, ya sahani, aliiacha ku ukuta. Mama Georgette akakunja miguu juu apite. Mulango ikafunga pole pole. Alikuwa mutoto ya heshima, hata kufunga kwake.

Nilimutafuta. Ku restaurant banasema aliacha kazi. Laeken, muntu hakuna. Mwaka ikapita.

Kisha Mireille akaleta kartoni ndogo ya kualika, bantu bakuye kuona kazi ya Ilunga na benzake, mu kiwanda ya zamani pembeni ya kanali, ule mufereji mukubwa ya maji. Dix minutes, dakika kumi, na miguu kutoka kwangu! Mwaka muzima nalia, na mutoto yangu anabandika kazi yake dix minutes... Nikavaa kitenge ya siku ya Mungu, Mireille akanishika mukono.

Ndani kulikuwa wanaume tu, bamechorwa na wanaume benye kupenda wanaume. Miye mwenye nilikuwa naangalia plafond, ile siku niliangalia. Mumoja alichora bwana yake anakata kitunguu, buchi, na lunettes, miwani, ku pua. Nikasema kwa sauti, papa, chunga kisu mahali unaipitisha, na kijana ya mulango akacheka na miye. Kulikuwa muzee analala, tumbo yake inainuka sawa unga ya mukate yenye inaumuka. Kulikuwa mugongo moja, inapinda, inashuka... Nikaona ule muto, ba mama. Nikauona. Hakukuwa uchafu pale. Ilikuwa muntu anaangalia mwenzake juu asipoteze hata kipande. Marehemu bwana yangu tuliikala trente ans, hakuniangalia vile hata siku moja.

Nilikuwa na furaha, musinione mubaya. Ilikuwa furaha ya dakika kumi.

Ku ukuta ya mwisho kulikuwa makaratasi tano. Mawingu yangu. Mukono yangu ninaijua, inazunguka mbili, inashuka. Chini kuliandikwa, Mireille akanisomea: "Luc, kisha mama yangu." Bantu balikuwa bananyamaza mbele yake sawa ku kanisa. Bibi mumoja muzungu akasema c'est magnifique, ni muzuri ajabu. Nilitaka kumuambia, madame, ni nettoyage.

Ilunga alikuwa pale. Alikuwa amekonda. Musiniulize. Nilikwisha kuona ile kukonda mara moja, ninaijua.

Akaninyooshea mukono sawa kwa mugeni, akanishukuru kwa kuya. "Bonsoir, madame. Merci d'être venue."

Madame. Ku ma bureau yote ya huu muji balikuwa bananiita madame, na haikuniuma.

Nikasema: "Ilunga, niko na ile ya sita. Ile ya sahani."

Akasema: "Ile sikumaliza." Akageukia bantu ingine.

Tangu ile siku sikumuona. Aliacha Bruxelles. Béatrice anajua fasi eko, na anaendaka, na anarudia na macho nyekundu. Alimuapia ndugu yake hatasema. Nimelomba, nimepiga magoti mbele ya mutoto nilimuzala. Ananiambia, maman, ulifundisha siye bote kunyamaza, sasa nami nanyamaza.

Ba mama, mujane wa deuxième primaire atawafundisha nini? Hii tu. Mutoto akisimama pa mulango ya cuisine na kilio yake, zima moto, bukari ikauke. Kaa chini naye siku tatu, sawa vile tunafanyaka. Na mbele ya kusafisha kintu mu maisha ya mutoto yako, angalia uso kwanza. Musifuate njia yangu, nakulombeni, huku mwisho hakuna muntu.

Ile ya sita iko mu chumba yangu, mbele ya kitanda. Magoti, bidole, sahani. Tulinunua ile dawa, Mireille akapuliza, haiendi tena. Minaogopa kintu moja tu. Siku nitakufa, ba mama batakuya kutoa biti na meza, na mumoja wao atakuwa na kitambaa mu mukono.

Nilimuambia Mireille ile hofu sasa hivi, akaacha kuandika. Anasema: "Kambo, siku ya matanga yako Luc atakuwa ku ukuta ya salon, nami nitaikala chini yake siku zote tatu. Mwenye kuya na ndoo atanikuta pale."