Suruali ya Harusi Haijapimwa

— Panua miguu, mchumba wangu, nipime paja. Au nikushonee sketi?

Fundi cherehani alikuwa amepiga goti, utepe mkononi. Seremala, mwanamume wa kubeba mbao nane begani, akarudi nyuma hadi akagonga meza.

— Kadiria tu.

— Harusi Jumamosi, nikadirie? Wiki tatu hunisogelei. Ni nani huyo?

— Hakuna mtu.

Akatoka mbio. Maskini, moyoni alishajizika zamani. Vinyama vinne vilimwota pale pasipotajwa mbele ya wakwe, naye, kwa akili za karakana, akavipitishia msasa. Naam, msasa. Tangu siku hiyo hata kuketi ilikuwa kazi.

Jioni ujumbe ukaingia:

"Kama unaye mwingine, sema. Nimeanza kufumua gauni langu."

Akajibu: "Usifumue. Naumwa. Naogopa ni saratani, na labda nimeshakuambukiza."

Kulipokucha, mchumba akasukuma mlango wa karakana.

— Vaa viatu. Twende zahanati.

Muuguzi, mama mtu mzima, alitazama akaguna.

— Hivi ni vinyama vya HPV. Kirusi cha kawaida sana, hupita ngozi kwa ngozi watu wakikutana kimwili. Aina hii kwa kawaida haileti saratani. Zipo nyingine ziletazo, hata kwa wanaume: uume, koo, njia ya haja kubwa. Tutaviondoa. Ila nani kavikwaruza hivi?

— Msasa, akanong'ona seremala.

— Namba ngapi? akauliza mchumba.

— Mia mbili na ishirini.

— Angalau ulichagua laini. Na nani kampa kirusi hiki, mama?

— Hakuna ajuaye. Kirusi hulala miaka bila dalili. Kondomu hupunguza hatari, haimalizi. Chanjo ipo, hata ya wanaume, bora zaidi kabla mtu hajaanza hayo mambo. Haiponyi kilichopo, huzuia aina nyingine. Na wewe binti, ingia chumba cha pili tukupime saratani ya mlango wa kizazi.

Seremala akabaki kwenye benchi, amekalia upande mmoja, akihesabu misumari ya dari. Akafika arobaini na moja, akapotea, akaanza upya. Mchumba akitoka analia, atamwambia nini?

Mlango ukafunguka. Uso wa mchumba haukusomeka.

— Salama. Nirudi baada ya miaka mitatu. Na fungate, muuguzi kasema, lisubiri vidonda vyako vipone.

— Na gauni?

— Nilifumua mkono mmoja tu.

Akachomoa utepe kwenye mkoba.

— Simama. Panua miguu.

Akapanua, mbele ya foleni nzima, macho darini.