Papai Lililooshwa Bondeni

Naapa kwa kaburi la baba yangu, haya ni kweli tupu. Hakuna hata neno moja nililoongeza.

Mwaka jana hapa Nyamiaga, wakati wakimbizi walipokuwa wengi kuliko migomba, Niragira alikuwa uani akipepeta maharage na kuimba taratibu. Mimba yake ilikuwa ya miezi miwili. Ya kwanza ilikuwa imetoka, kwa hiyo hii aliilea kama yai. Kichefuchefu kilimfukuza kwenye ugali. Alitamani matunda tu.

Mkwewe, Eustakia, alimnyang'anya nanasi mkononi. "Mwanangu, hilo humpa mtoto ngozi ya magamba!"

"Na papai, mama?"

"Papai ndilo linalotoa mimba kabisa."

Jirani yao Kwandu, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, akacheka kule ng'ambo ya ua. "Mimi nimekula mapapai kwa mimba saba. Kama yanatoa, hawa wanaoniibia karanga ni akina nani?"

Muuguzi wa zahanati naye alimwambia: "Kula, ila liwe limeiva. Bichi lenye utomvu liache. Na ulioshe kwa maji ya tangi la kambini, yametiwa dawa ya kuua vijidudu."

Hapo kichwa kikamzunguka Niragira. Maji ya tangi? Kijiji kizima kiliamini kwamba dawa ile iliwekwa ili wakimbizi wasizae! Watu waliyachota ya kufulia. Ya kutia kinywani walishuka bondeni, wanakonyweshea ng'ombe. Ndugu msomaji, usimcheke. Huyu kasema kula, yule kasema usile, na tumboni kuna kitu usichotaka kukipoteza tena. Wewe ungeshika lipi?

Niragira alishika yote. Alichagua papai lililoiva, kama muuguzi alivyosema, akaliosha bondeni, kama kijiji kilivyosema, akalila nyuma ya migomba ili mkwewe asimwone.

Kesho yake akaanza kuhara, homa ikapanda, tumbo likamkaza hadi akakiri kwamba alikula papai. Mumewe, Felisiani, akampakia kwenye baiskeli mbio hadi zahanati. Eustakia akafuata nyuma akilia: "Nilisema mimi! Papai!"

"Si papai," muuguzi alisema baada ya kumtundikia dripu. "Uliliosha wapi?"

"Bondeni," Niragira akanong'ona. "Nimeiua? Niambie tu."

"Ipo bado. Lakini kwa nini bondeni, na tangi liko pale?"

"Si wanasema dawa yake inazuia uzazi?"

"Nani anasema?"

Eustakia akanyamaza kulia. Akamgeukia mzee mstaafu aliyekuja kumjulia mgonjwa hali, ambaye sasa alikuwa akinyemelea mlango. "Shemeji, si wewe uliyetusimulia kilabuni? Ukaapa kwamba jogoo wako aliyanywa maji ya tangi akasahau hata kuwika?"

Mzee huyo, jamani, ni mimi.

"Jogoo nilimtunga," nikasema. "Sina hata kuku."

Niragira hakunitukana. Alilaza mkono tumboni, akanitazama. Afadhali angenitukana.

FUNZO

Mama mjamzito ale matunda, yaliyoiva, yaliyooshwa kwa maji safi na salama. Akiwa na shaka amuulize muuguzi, si kilabu. Nanyi wenzangu wenye ndimi ndefu, maneno ya kuchekesha watu huweza kumlaza mtu kitandani.

Adhabu alinipa Eustakia: kila asubuhi napandisha kilima ndoo mbili za maji ya tangi hadi kwa Niragira, na kikombe cha kwanza nakinywa mimi, majirani wakiangalia. Mtoto amezaliwa, sasa anatambaa. Nilidhani nimemaliza deni. Wapi! Ndoo zimekuwa tatu, kwa ajili ya nepi.