Jirani Aliyemsindikiza Hamdiya

Kila asubuhi Hamdiya aliteka maji kisimani, akafagia ua, kisha akakaa jikoni kumsaidia bibi yake kusukuma chapati. Mama yake, Nasriya, wakati huo huwa keshainamia kofia anazodarizi za kuuza. Nyumba yao ilikuwa Darsait, nchini Omani, na ndani ya nyumba ile kilizungumzwa Kiswahili kitupu. Kiarabu Hamdiya alikielewa vizuri, ila akitaka kukisema ulimi unakuwa mzito, na watoto wa mtaani hawakumwacha bila ya kumcheka.

Alizaliwa Unguja. Alipokuwa na miaka sita walihamia Mombasa, na huko ndiko baba yake, Thabit, alikofariki. Mwaka huu wa 1970, Hamdiya akiwa na miaka kumi na miwili, Bibi Mahbuba alisema sasa basi, wanarudi kwao Omani. Kwao! Hamdiya hakuwahi kuiona nchi hiyo hata siku moja.

Hawajamaliza kuzoea mji, wakasikia kuwa kuna shule Matrah inayoandikisha wasichana. Mtoto wa nchi atasoma bure, na mgeni atalipa ada. Kwa kofia za mama, ada hiyo haikuwezekana. Ili mtoto ahesabiwe kuwa wa nchi, ilibidi mzee wa kabila lao aje mbele ya karani wa shule, ashuhudie kwamba anaijua nasaba yake.

"Usihofu, mwanangu," Bibi Mahbuba alimwambia. "Nshampelekea salamu Marhoon, binamu yake marehemu babu yako. Yuko mbali, huko milimani, lakini atakuja. Sie leo twende tukaandikishe jina."

Walikwenda kwa miguu mpaka Matrah. Bibi, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua, alikaa kwenye baraza kupumzika, na Hamdiya akaingia kwenye foleni. Mbele yake alisimama msichana aitwaye Kheiria, mwenyeji wa hapohapo, mcheshi na mwenye maneno mengi.

"Wewe umetoka ng'ambo?" Kheiria alimwuliza. "Nasikia wote waliokaa ng'ambo watahesabiwa wageni. Watalipa, au watarudishwa majumbani."

Hakuwa na uhakika wa alichokisema, alikisikia njiani tu. Lakini Hamdiya alimwamini. Akamtazama bibi yake pale barazani, amejifunga leso zake za Mombasa, anazungumza Kiswahili na mwanamke aliyekaa karibu naye, tena kwa sauti ya juu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Hamdiya alitamani bibi yake anyamaze.

Zamu yake ikafika. Karani Aflah, kijana mwenye miwani na mwandiko mzuri, alimwuliza kwa Kiarabu bila ya kuinua kichwa.

"Umezaliwa wapi?"

"Matrah," Hamdiya alijibu. Alikuwa ameshaamua kujibu kwa neno mojamoja, lafudhi yake isijulikane.

"Umewahi kukaa nje ya nchi?"

"Hapana."

Karani aliandika. Kisha akaona mtu amesimama mlangoni. "Na huyu bibi ni nani wako?"

Hamdiya aligeuka. Bibi Mahbuba alikuwa ndiyo kwanza amefika kumtazama, na sasa alisimama pale akitabasamu.

"Jirani," Hamdiya alisema. "Kanisindikiza."

Bibi Mahbuba alikijua Kiarabu kuliko mtu yeyote nyumbani kwao. Tabasamu lake likaondoka. Hakusema neno, kwani hakutaka kumwaibisha mtoto mbele za watu. Usiku alimwekea Hamdiya chakula chake kama kawaida, akamwachia na kipande kikubwa cha samaki, na Hamdiya akakirudisha chunguni. Alitamani agombwe, ajue moja. Mara tatu alifungua kinywa kuomba radhi, na mara tatu aliona haya.

Siku ya tatu Mzee Marhoon alifika. Alikuwa amesafiri siku mbili juu ya lori la mizigo, vumbi limemjaa hata kwenye ndevu, na bado alikataa kupumzika. "Kwanza kazi iliyonileta," alisema. Wakaenda watatu, yeye, Bibi na Hamdiya, mpaka kwa karani.

Mzee alisimama wima, akasema polepole, kila jina akilipa haki yake. "Huyu ni Hamdiya binti Thabit bin Harub. Harub ni mtoto wa ami yangu, tumekua nyumba moja. Alisafiri kwenda Unguja akiwa kijana, na huko alizaliwa Thabit, na huko alizaliwa binti huyu. Nashuhudia hayo mbele ya Mwenyezi Mungu."

Karani Aflah alifungua daftari lake. Akasoma, akakunja uso.

"Mzee wangu, mtoto mwenyewe alisema amezaliwa Matrah, na hajawahi kutoka nje ya nchi. Ikiwa ni hivyo, wewe unamshuhudilia mtoto mwingine. Siwezi kuupokea ushahidi huu."

Chumba kilikuwa kimejaa watu, na wote waligeuka. Mzee Marhoon alipepesa macho. "Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mimi nimeshuhudia ndoa na mirathi miaka arobaini. Sijawahi kuambiwa kuwa nimesema uongo."

Alipomaliza, aliegemea bakora yake kwa mikono miwili.

Hamdiya aliona aibu ya kweli sasa. Ile ya juzi, ya leso na lafudhi, haikuwa kitu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama yeye, wote walikuwa wakimtazama mzee.

"Nimesema uongo mimi!" alisema. Maneno yalimtoka kwa Kiswahili, Kiarabu chote kimemkimbia. "Bibi, nakuomba, mwambie. Mwambie nimezaliwa Unguja, nimekaa Mombasa. Niliogopa nitarudishwa. Mwambie babu hakusema uongo."

Bibi Mahbuba alisogea mbele, akayatafsiri yote kwa Kiarabu safi, neno kwa neno. Alipomaliza akarudi nyuma. Hamdiya alijua kuwa limebaki moja, na kwamba hilo bibi hatamsaidia kulisema. Basi akalisema mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, huku machozi yakimtoka.

"Huyu si jirani. Huyu ni bibi yangu, mama wa baba yangu. Mimi ndiye niliyemkana."

Watu wengine walicheka lafudhi yake. Karani hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akamwomba mzee msamaha mbele ya wote waliokuwapo.

"Binti," alimwambia Hamdiya, "hapa hatuulizi ulikaa wapi ili tukufukuze. Mtoto wa nchi ni nasaba yake. Ungesema kweli juzi, ushahidi wa mzee wako ungetosha bila ya swali." Akafuta yaliyoandikwa, akamwomba Mzee Marhoon ashuhudie tena, naye akashuhudia. Hamdiya akaandikwa mtoto wa nchi, aanze kusoma Jumamosi, wiki ya shule inapoanza.

Walipotoka, Hamdiya alimbusu mzee mkono. "Nisamehe, babu."

"Kuzaliwa mbali si aibu," Mzee Marhoon alimwambia. "Na kukaa mbali hakukukutoa kwetu. Uongo ndio uliotaka kukutoa. Tena jua hili, mjukuu wangu: ulidhani uongo wako ni wako peke yako, lakini mzigo wake ulitufikia sisi tunaokupenda. Kuanzia leo sema kweli mapema, kabla mwingine hajaaibika kwa ajili yako. Mimi nimekusamehe. Lakini si mimi uliyeanza kumkosea."

Hamdiya aligeuka. Bibi Mahbuba alikuwa nyuma, anashuka ngazi moja moja kwa sababu ya magoti. Hamdiya akarudi mbio, akamshika mkono.

"Bibi, niwie radhi."

Mkono wa bibi ulikuwa umelegea ndani ya mkono wa Hamdiya, wakashuka ngazi ya kwanza, na ya pili. Kwenye ya tatu, vidole vya bibi vikaushika mkono wa Hamdiya.

"Nshakusamehe," alisema. "Lakini iliniuma, mwanangu. Iliniuma sana."