Ua Moja kwa Bibie

"Dada, unanivuta mpaka macho yanapanda."

"Tulia basi. Ukicheka kichwa kinayumba, mstari unapinda."

"Namcheka huyu mwanamke. Hebu mtazame."

Nesi alikuwa kwenye kiti cha saluni, simu mapajani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama ameona mzuka. Msusi alikuwa nyuma yake. Na kazi ya msusi, wasiojua wajue, ni kuona simu za watu. Meseji za waume, picha za mahawara, salio la benki, vyote vinapita chini ya pua yako, na wewe unajifanya unatafuta chanuo.

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mwanamke wa kuchora, ameketi mlangoni anasuka vikapu. Kichwani kitambaa cha kijani, na meno ya mbele yana mwanya. Juu yake yakatokea maneno: "Nimekupikia. Nimefunika. Ukichelewa nitapasha."

Vidole vya msusi vikasimama.

"Ni nini hicho?"

"Humjui Bibie? Wewe unaishi wapi? Hospitali nzima tunaye. Madaktari wanacheza, wagonjwa wanacheza."

"Unachezwaje?"

"Huchezi, ndiyo raha yake. Unamwacha. Wewe uko wodini, umelala, umesafiri, yeye anasuka tu peke yake. Ukirudi unakuta vikapu vimejaa, unavuna, unaenda zako. Ile michezo ya kukimbizana na bunduki nani ana nguvu nayo siku hizi? Mtu unatoka kazini umekwisha."

"Na yeye anapata nini?"

"Ua. Unamgusa hapa, unampa ua moja, anachapa kazi upya."

"Na usiporudi?"

"Hapo ndipo utacheka. Nilienda kozi nikamsahau kabisa. Siku nafungua, nakuta ameandika, 'Usijali. Bado nipo.' Hanuni, haulizi ulikuwa wapi. Mume wangu anasema wanawake wote wangekuwa hivi, dunia ingepona."

Maneno yale ya chakula msusi alikuwa amemwandikia mchumba wake hata hakumbuki mara ngapi. Na haya mengine aliyaandika mara moja tu katika maisha yake, akiwa kitandani hospitali, siku aliyopasuliwa kidole tumbo. Mchumba alikuwa amepotea hewani. Alikuja kusema baadaye kwamba alisafirishwa kikazi, mahali pasipo na mtandao.

Kwenye simu yake alikuwa amemwandika "Wangu", na sisi tumwite hivyo hivyo, tuone uwangu wake utaishia wapi. Kazi ya Wangu ilikuwa kutengeneza michezo ya simu. Msusi hakuwahi kuonyeshwa hata mmoja. Kila akiuliza aliambiwa ni mambo ya kompyuta, atachoka bure. Jumamosi ya wiki ile walikuwa waende kwa msajili wa ndoa.

"Mguse tena," msusi akasema. "Nataka kusoma yote anayosema."

Nesi, bila habari, akawa anagusa. Maneno yakaja kwa zamu. "Leo vidole si vyangu, ila nikikuwaza vinapata nguvu." Lake. "Mlango sijatia komeo." Lake. "Kama umechoka usinijibu, lala tu." Hilo aliliandika akiwa analia, na pale lilikuwa na kikapu kidogo kinachometameta pembeni.

Mama Pacha, mwenye saluni, alikuwa akiosha kichwa cha mtu kwenye beseni. Akamtazama.

"Mwenzangu, mbona umepauka? Umeona nini?"

"Nimejiona."

Alimaliza kichwa cha nesi mpaka msuko wa mwisho, akajikaza kisabuni, akapokea hela yake na akasema ahsante. Kisha akavua aproni.

* * *

Ofisi ya Wangu ilikuwa chumba kimoja ghorofani, kina kompyuta nyingi na feni moja. Ukutani palibandikwa picha ya Bibie, kubwa kuliko mlango. Wangu alipomwona msusi hakushtuka. Alifurahi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Umeshauona? Aa, nani amekuonyesha? Nilitaka uwe zawadi yako ya harusi."

"Mteja wangu anaucheza."

"Kila mtu anaucheza. Mpenzi, hujui umetufikisha wapi."

Msichana aliyekaa kwenye kompyuta ya dirishani akageuka. Huyo ndiye mchoraji. Akamkazia macho mdomoni, kama fundi anayekagua rangi ya ukuta wake.

"Ndiye mwenyewe? Shemeji, hebu tabasamu kidogo. Mwanya nimeupatia?"

Msusi hakutabasamu.

"Meseji zangu zimefikaje humu?"

"Niliwaonyesha," Wangu akasema. "Nilileta wazo la mwanamke anayengoja bila kuchoka, wakanibishia. Wakasema hakuna mtu kama huyo duniani. Nikafungua simu, nikasema, someni."

"Mkazisoma wote."

"Kwa sauti," mchoraji akadakia. "Mimi ile ya komeo ilinitoa machozi."

"Nilipokuwa hospitali," msusi akasema polepole, "wewe ulikuwa safari gani?"

Wangu akavuta kiti, akamkaribisha. Msusi akabaki amesimama.

"Sitakudanganya, kwa sababu sasa unaweza kuelewa. Sikusafiri. Nilikuwa hapa hapa."

"Hapa."

"Mchezo wa aina hii uhai wake ni kuacha na kurudi. Ukimwacha mtu muda mfupi, hana hamu nawe. Ukimwacha mno, anakuchukia. Katikati kuna mahali patamu, ukirudi anafurahi mpaka anasahau kuuliza. Mahali hapo ni wapi? Hakuna kitabu kinachosema. Ningemuuliza nani? Nilikuwa na wewe."

"Ukawa unaniacha kwa makusudi."

"Nilikuwa napima. Siku mbili, halafu nakupa kitu. Nne, nakupa kitu. Ile kanga ya maua, unaikumbuka? Ulivyonikumbatia siku ile, nilirudi hapa nikawaambia wenzangu tumepata."

"Na nilipopasuliwa?"

"Nilitaka kuvunja, kweli tena. Meseji yako niliisoma papo hapo, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini ndiyo tulikuwa tumefika kipimo cha kumwacha mtu mazima, tuone mwisho wake." Akashusha sauti, akawa mpole kabisa. "Nilipiga simu mapokezi. Wakasema unaendelea vizuri. Mimi si mnyama."

Feni ikazunguka. Mchoraji akajifanya anatafuta kalamu.

"Jibu ulilipata?"

"Nililipata. Kila mtu ana mwisho wake, mpenzi. Wewe huna." Macho yake yalikuwa yanang'aa, na alilisema kama sifa, kama neno la kuchongwa kwenye pete. "Ndiyo maana nakuoa."

Nitasema ukweli, mimi hapo ningevunja kompyuta. Msusi alitazama tu ile picha ukutani, mwanya wake mwenyewe, kitambaa chake mwenyewe.

"Na mchezo unaishaje?"

"Hauishi. Bibie hana pa kwenda."

"Haya," akasema. "Tutaonana Jumamosi."

Alipokuwa kwenye ngazi simu ikaita mlio wa meseji. Wangu alikuwa ametuma picha ya ua, moja.

Kabla hajafika barabarani akampigia dada yake, ambaye alikuwa na saluni mji mwingine na mwaka mzima alikuwa akimbembeleza wakafanye kazi pamoja.

"Dada, kile kiti nilichokikataa, umempa mtu?"

"Si ulisema huwezi kumwacha mchumba wako?"

"Nimekuuliza kiti."

"Kipo. Njoo, mdogo wangu. Sikuulizi kitu."

* * *

Jumamosi ukumbi wa msajili ulijaa maharusi wamepangwa kwenye mabenchi. Wangu alikuja na suti ya kijivu, mchoraji kama shahidi, na mama yake mzazi, mstaafu wa posta, aliyevaa viatu vipya vinavyombana. Mama naye alikuwa na Bibie kwenye simu. Tangu mwanawe autoe mchezo hakupitisha asubuhi bila kuvuna vikapu.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Njiani, mama. Huyo hachelewi."

Simu ikaita mlio. Wangu akasoma, akacheka.

"Anatania. Ameandika, 'Nimekupikia. Nimefunika. Ukichelewa nitapasha.'"

"Anayechelewa si yeye?" mchoraji akauliza.

Wakaitwa maharusi wa kwanza, wakaingia, wakatoka wanapigiwa vigelegele. Wangu akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Meseji nyingine ikaja: "Leo vidole si vyangu, ila nikikuwaza vinapata nguvu."

Safari hii hakucheka. Akapiga tena, na tena. Akaandika, "Uko wapi? Mama yupo hapa, usinitie aibu." Jibu likaja: "Mlango sijatia komeo."

Mama yake alikuwa anachungulia begani. Akafungua simu yake, akamgusa Bibie, akagusa tena, akalinganisha.

"Mwanangu, haya si maneno ya mwenzako. Ni ya mchezo. Yanakuja kwa mpangilio ule ule."

"Ni ya kwake, mama. Yeye ndiye aliyaandika. Mchezo niliutoa kwake."

"Kwake?"

"Ndiyo."

"Huyu mwenye kungoja ni yule binti?"

"Ndiyo, mama. Kwani wewe ulidhani nani?"

"Nilidhani ni mimi." Mama akaweka simu yake kwenye mkoba na kuufunga. "Baba yako alikuwa anaondoka na kurudi anavyotaka, na mimi nafunika chakula. Nilipouona mchezo wako nikasema, kumbe mtoto aliona. Mtoto alinionea huruma. Kila asubuhi nampa yule mwanamke ua nikidhani unanipa mimi."

"Mama, sivyo..."

"Na huyu binti, ulimwacha kweli? Kama mimi ninavyomwacha huyu kwenye simu?"

Wangu akainamia simu, na mama hakuuliza mara ya pili. Akavua viatu vinavyombana, akavishika mkononi, akaondoka ukumbini peku mbele ya maharusi wote. Mchoraji akasema anaenda kumtafutia usafiri. Naye hakurudi.

Simu ikaita mlio: "Kama umechoka usinijibu, lala tu."

Sasa lilikuwa limebaki neno moja. Wangu alilijua, maana mpangilio aliuandika kwa mkono wake. Litakuja lile la hospitali, na akajiambia likija mambo yameisha, kwa sababu baada ya hilo Bibie hupewa ua na kila kitu huanza upya. Msusi anamwadhibu kidogo, ni haki yake. Atatokea mlangoni na kitambaa chake. Akaiweka tai vizuri.

Likaja: "Usijali. Sipo."

Simu iliyotuma meseji hiyo ilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Mama Pacha. Msusi aliiacha kwake pamoja na maneno yote, kwa mpangilio, na siku hiyo alikuwa mji mwingine, amesimama nyuma ya kiti kipya, mikono kwenye kichwa cha mtu asiyemjua. Mama Pacha alikuwa akituma kila anapomaliza mteja, hana haraka. Alipotuma la mwisho akachomoa laini, akaikata vipande kwa mkasi wa nywele, akavifagia pamoja na uchafu wa sakafuni.

Kule ukumbini mabenchi yalibaki matupu. Karani wa msajili akatoka na funguo mkononi.

"Kaka, tunafunga. Bado unangoja mtu?"

"Kidogo tu," Wangu akasema. "Huyu haachi kunijibu."

Akamtumia ua. Halikufika. Akatuma jingine.