Herufi Moja Kwenye Bango

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi anayoipenda kuliko zote. Baba yake, mchora mabango, aliandika maneno kwa chaki kabla ya kuyapaka rangi, naye Chiriku aliyasoma kwa sauti na kutafuta makosa. Akilipata moja, baba hucheka, "Macho ya mwanangu hayalali!"

Mambo yalibadilika shangazi yake alipolazwa hospitali na binti yake akaja kukaa nao. Binti huyo alizungumza kwa sauti ya chini mno, wakambandika jina la Mpole. Sasa baba akishika chaki huita, "Mpole, mwanangu, njoo unisomee." Chiriku akilisikia hilo "mwanangu" akiwa uani anaosha vyombo, huzigonganisha sahani kwa nguvu.

Siku moja mwenye duka la madaftari na kalamu aliagiza bango lenye neno la Kiingereza. Mpole akataja herufi mojamoja, baba akaandika: STATIONARY.

Chiriku aliona kosa papo hapo. Mwalimu wao alikuwa amewaeleza kwamba neno hilo, lenye A karibu na mwisho, ni kitu kilichosimama bila kusogea. Karatasi, kalamu na vifaa vya kuandikia ni STATIONERY, lenye E. Ukiyatamka, huwezi kuyatofautisha. Mpole alikuwa darasa la chini, hajafika huko.

"Chiriku, liko sawa?" baba akauliza.

Swali hilo alikuwa amelingoja kwa hamu. Lakini akabetua midomo. "Si umeshamuuliza Mpole?" Akaenda zake.

Bango lilipotundikwa, mteja mmoja alilisoma akaangua kicheko. "Kumbe duka lako halisogei! Afadhali, lisije likatukimbia na madaftari yetu."

Mwenye duka alifika kwa baba amefura. "Fundi, mtaa mzima unanicheka!"

Baba akaomba radhi, kichwa chini. Chiriku alidhani angefurahi, lakini wapi. Akaingia chumbani, akamkuta Mpole anasokomeza nguo zake kwenye begi.

"Nimemwaibisha mjomba. Narudi nyumbani."

"Nyumbani kwenu si hakuna mtu?"

"Najua," Mpole akajibu, akifuta machozi kwa kiganja.

Chiriku hakuweza kustahimili. Akatoka mbio hadi walipokuwa wazee wale wawili.

"Baba, Mpole hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza makusudi. Nilimwonea wivu. Siku hizi huniiti tena."

Mwenye duka akakohoa, akatazama pembeni. Baba akaketi juu ya kopo la rangi.

"Sikiliza, mwanangu. Mpole alikuwa anajikunyata pembeni kama mgeni, anamuwaza mama yake. Nilimwita ili ajione yuko kwao. Nilikosa kwa kutokukueleza, nisamehe."

"Nisamehe na mimi, baba."

Bango likateremshwa. Mpole alikwangua ile A, Chiriku akachora E, huku akimweleza mwenzake tofauti ya maneno hayo. Mpole alimsikiliza, kisha akauliza kwa sauti yake ya chini, "Kwa hiyo mimi sasa ni lile neno lenye A? Siendi popote?"

Chiriku akacheka hadi brashi ikamponyoka.

Baba akaiokota, akampa. "Wivu ukikushika tena, njoo uniambie, hata kwa kulia. Lakini usimwache mwenzako akosee ilhali unajua lililo sahihi. Ulitaka aaibike yeye peke yake, tukaaibika nyumba nzima."